Mkunga Aingia Majini

Hadi anatimiza miaka sabini, Nesi Ismay Quamina alikuwa amewapokea duniani zaidi ya watoto elfu mbili wa Tabaquite na vijiji vya jirani, amemzika mume, amestaafu kwa heshima, na hajawahi hata siku moja kuingia baharini kwa hiari yake kupita vifundo vya miguu. Trinidad imezungukwa na bahari pande zote, lakini yeye aliishi katikati, vilimani kwenye mashamba ya kakao. Watu walipokwenda pwani siku za sikukuu, yeye alibeba sufuria la pilau, akatandika shuka mchangani, akawa mlinzi wa viatu vya wenzake.

Sababu yake ilijulikana na ukoo mzima. Alipokuwa na miaka tisa, Jumatatu ya Pasaka, kwenye ufukwe wa Mayaro, wimbi lilimzoa miguu likamvuta ndani. Binamu yake mkubwa ndiye aliyemdaka kwa nywele akamburuta hadi nchi kavu. Alitapika maji na mchanga hadi jua likainama. Mama yake Ismay akasimama palepale, kofia yake ya kanisani ikiwa imelowa, akaapa mbele ya umati kwamba maadamu yeye yu hai hakuna binti yake atakayeingia baharini tena. Mama alikuwa mtu wa kutimiza alilosema. Alifariki akiwa na miaka tisini na moja, na hata alipokwisha kuzikwa, mabinti zake wawili waliendelea kumtii.

Kwa hiyo watoto wa Ismay walipomlipia wiki moja kwenye hoteli ndogo ya ufukweni kule Tobago, zawadi ya kutimiza miaka sabini, kila mtu alijua atakaa barazani aitazame bahari kwa mbali. Hata yeye mwenyewe alijua hivyo. Alimchukua mdogo wake, Verlyn, mwenye miaka sitini na sita na mdomo usiojua likizo, wakapanda meli. Ismay alikaa katikati kabisa ya ukumbi wa abiria, macho kayafumba, mkoba kaukumbatia. Verlyn alikula njia nzima.

Hoteli iliitwa Kituo cha Mwisho, na jina halikuwa la mzaha. Barabara iliteremka kona baada ya kona katikati ya msitu, ikafika kwenye lango la mbao, ikaishia hapo. Vyumba vilikuwa sita tu, paa za bati jekundu, kila kimoja na kibaraza chake kinachotazama ghuba iliyokunjwa kati ya vilima viwili. Hakukuwa na televisheni. Simu ilishika mtandao sehemu moja tu, juu ya ngazi ya tangi la maji, na ukitaka kumsalimu mtu ilibidi upande.

Mwenye hoteli alikuwa Bi Delphine Roachford, mwanamke wa miaka hamsini na minane, mwembamba, sauti nene, mabega kama ya mtu aliyezoea kubeba magunia. Alipika mwenyewe, akatandika mwenyewe, akawagombeza wageni mwenyewe.

Asubuhi ya kwanza Ismay aliamshwa na kokriko, wale ndege ambao hawajui kulia mmoja mmoja. Wakianza, huanza ukoo mzima. Akatoka kibarazani na shuka begani. Bahari ilikuwa imetulia kama maziwa kwenye bakuli. Hatua kama sitini kutoka ufukweni palikuwa na chelezo, mbao zilizopigiliwa juu ya mapipa manne na kufungwa nanga, na ndege wawili wa baharini, mwari, walikuwa wametua juu yake. Mtu alikuwa akiogelea kwenda huko. Mkono mmoja ulitoka majini, ukazama, wa pili ukatoka, bila papara. Mwari wakaruka. Bi Delphine akapanda chelezo, akakaa kidogo akining'iniza miguu, kisha akajitupa tena majini akarudi. Baada ya muda mfupi harufu ya mkate wa kukaanga ikatoka jikoni.

Ismay alisikia kitu kifuani ambacho alikuwa hajakisikia kwa miaka mingi, akachelewa kukijua jina. Ulikuwa wivu.

Mezani alishindwa kujizuia. "Bi Delphine, unakwenda pale kila siku?"

"Kila siku, isipokuwa siku ya kupiga kura," alijibu Delphine, akiweka samaki wa chumvi mezani. "Siku ya kura nakwenda mara mbili, maana nakuwa na hasira. Na wewe Nesi, unaogelea?"

Verlyn ndiye aliyejibu, mdomo umejaa. "Huyu? Huyu akioga kwenye beseni anashika ukuta!"

Meza ya jirani wakaangua kicheko. Alikuwa Bwana Cuthbert Lezama, mstaafu wa forodha kutoka Port of Spain, tumbo mbele na kofia ya ukili kichwani hata wakati wa kula, pamoja na mkewe mpole.

"Bi Delphine, usimsumbue bibi wa watu," alisema Bwana Lezama. "Miaka sabini! Mpe kiti chake na kivuli chake, atulie."

Bibi wa watu. Ismay aliweka kikombe cha kakao chini taratibu. Alikuwa amewahi kumfukuza daktari kutoka chumba cha kujifungulia kwa sababu ananuka pombe. Alikuwa amewahi kuvuka mto uliofurika akiwa amekaa juu ya bega la mkata miwa, mkoba wa dawa kichwani, kumwahi mama wa mapacha.

"Nani kakwambia nataka kivuli?" aliuliza.

"Basi unataka nini, mama? Kuogelea mpaka kwenye chelezo?" Bwana Lezama akawageukia wote, amependa mchezo wake. "Haya. Ukifika pale kwa mikono na miguu yako mwenyewe kabla hatujaondoka, mimi Cuthbert Lezama nitavaa aproni nioshe vyombo vyote vya hoteli hii."

"Na masufuria?" mkewe akauliza, bila kuinua macho kwenye sahani.

"Na masufuria!"

"Mungu akusaidie, Nesi," Bi Lezama alisema. "Miaka arobaini na miwili sijamwona huyu akiosha hata kijiko."

Bi Delphine hakucheka. Alifuta mikono kwenye kitambaa, akamtazama Ismay kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili. "Mimi nafundisha," alisema. "Lakini sibembelezi. Saa tatu uwe barazani."

Chumbani, Verlyn alifunga mlango kwa mgongo. "Dada, akili zimekuruka? Na kiapo cha Mama je?"

"Mama alisema maadamu yeye yu hai."

"Ndiyo yale yale!"

"Si yale yale. Nenda kamuulize padri."

Somo la kwanza halikuwa baharini. Bi Delphine aliweka beseni la kufulia juu ya meza ya barazani, akalijaza maji, akamwambia Ismay atumbukize uso apulize hewa. Ndivyo ilivyokuwa asubuhi nzima. Ismay alitumbukiza, akaibuka anakohoa, akatumbukiza tena. Pua ikamuwasha. Kila alipoinua kichwa, Verlyn alikuwa pale na taulo na maneno.

"Sura imekuwa kama ya mtoto aliyenyang'anywa titi."

"Ondoka, Verlyn."

"Niende wapi? Hakuna televisheni."

Siku ya pili waliingia baharini. Ismay hakuwa na nguo ya kuogelea. Delphine alimtafutia moja ya zambarau iliyosahauliwa na mgeni, na Verlyn alipomwona dada yake akitoka ndani yake, mapaja yote nje, alifunika macho kwa khanga kisha akachungulia. Maji yalimfika magotini. Yakamfika kiunoni. Alimshika Delphine mkono kwa nguvu hadi kucha zikaacha alama.

"Bahari haijui jina lako," Delphine alimwambia. "Haikutafuti. Ile ya Mayaro ilikuwa kazini kwake, wewe ukapita njiani. Haya, magoti yalegee."

Siku ya tatu alijifunza kulala chali juu ya maji. Delphine alimshika kisogo kwa kiganja kimoja na kiuno kwa kingine. "Tumbo juu. Masikio ndani. Nimesema ndani, Nesi!" Masikio yalipozama, dunia ikanyamaza, na kutoka chini kukaja sauti ya kutatarika, tata-tata-tata, kama mafuta kwenye kikaango. Ismay aliduwaa. Ilikuwa sauti ya matumbawe na vijidudu vyake, hawana habari naye, wanaendelea na shughuli zao. Alisikiliza kwa muda mrefu. Alipofumbua macho, Delphine alikuwa amesimama hatua mbili kando, mikono kaifunga kifuani.

"Toka lini umeniacha?"

"Tangu ulipoacha kuongea."

Siku hiyo alikula kaa na matonge ya unga ya kuchemsha sahani mbili, akalamba vidole mbele ya Bwana Lezama makusudi.

Siku ya nne mambo yakaharibika. Alikuwa akijifunza kupiga miguu akiwa chali, akafungua mikono kama mtu anayefungua mapazia, na akaenda vizuri kiasi kwamba alisahau kutazama alikofika. Akataka kusimama. Mguu ukatafuta mchanga, haukuupata. Maji yakamwingia mdomoni, yakampanda puani, na ghafla alikuwa na miaka tisa, hakuna juu wala chini. Delphine alimfikia kwa mapigo matatu ya mikono. Ismay alimkwaruza shingo, akamkanyaga, akapiga kelele isiyokuwa na maneno. Alipofika nchi kavu alipita mbele ya wageni wote bila taulo. Bwana Lezama alifungua kinywa aseme neno. Mkewe akamwekea mkono juu ya goti, naye akakifunga.

Chumbani Ismay alilitoa begi chini ya kitanda. Akakunja magauni. Verlyn alikaa ukingoni mwa kitanda chake akimtazama.

"Afadhali," hatimaye alisema. "Mama angefurahi."

Mikono ya Ismay ikasimama juu ya begi. "Angefurahi?"

"Ndiyo. Kwamba umekuwa na busara."

"Verlyn, mbona unalia?"

Verlyn aligusa shavu lake kana kwamba ni la mtu mwingine. "Nilikuwa na miaka mitano," alisema. "Nilikuwa nimeshika kiatu chako. Nilikuona ukiingia chini na sikukuona ukitoka. Wote walikimbia, mimi nikabaki na kiatu. Nilijua umekufa, Ismay. Miaka sitini na moja, kila nikikuona karibu na maji mimi nashika kile kiatu. Leo tena nimekaa pale barazani nimekishika."

Ismay aliketi karibu naye. Kumbe miaka yote alidhani hofu ile ni yake peke yake, na kiapo ni cha Mama peke yake. Akamfuta mdogo wake pua kwa ncha ya shuka, kama alivyomfuta alipokuwa mtoto.

"Sikiliza," alisema. "Wanawake wangapi wamejifungua mikononi mwangu? Miaka arobaini nimesimama upande ule wa kitanda, nawaambia watu sukuma, usiogope, unaweza. Wengine walinitukana. Wengine waliniuma. Wote walisema hawawezi, na wote waliweza. Mama alinifunga kwa sababu alinipenda, simlaumu. Ila sasa ni zamu yangu kujifungua."

Verlyn alivuta kamasi. "Na mimi niwe nani hapo? Mkunga?"

"Kwani hujui kupiga kelele?"

Verlyn alicheka huku analia, akampiga dada yake kofi la paja. Kisha akalivuta begi, akaanza kutoa magauni moja moja na kuyarudisha kwenye viango vya nguo.

Siku ya tano yote Ismay alikuwa majini. Mara hii Verlyn hakukaa barazani. Alisimama palipokauka mchanga, sketi kaikunja, na alipoona dada yake anapinda alipaza sauti. Maana kulikuwa na tatizo moja: anayeogelea chali haoni anakokwenda. Anaona anakotoka tu.

"Basi ndugu yako atakuwa macho yako," Delphine aliamua. "Nesi, wewe piga miguu. Bi Verlyn, wewe piga mdomo. Kila mtu afanye anachokiweza."

Siku ya sita, baada ya kifungua kinywa, bahari ilikuwa tulivu na jua limepanda vya kutosha kuipa rangi. Wageni wote walishuka ufukweni, hata wale wanandoa vijana wa chumba cha mwisho ambao tangu wafike walikuwa hawajaonekana mchana. Bwana Lezama alikuja na kiti chake. Ismay aliingia hadi kifuani, akampa mdogo wake mgongo kwa nukta chache, akageuka.

"Verlyn!"

"Nipo!"

Akajilaza. Masikio yakazama, ile sauti ya kikaango ikamkaribisha. Akapiga miguu. Delphine aliogelea pembeni yake, mbali kidogo, bila kumgusa.

Mwanzoni aliona kila kitu: bati jekundu la hoteli, msitu juu yake, watu wakiwa wamejipanga, Verlyn mbele yao wote. Kila alipofungua mikono, vikapungua ukubwa. Miaka sabini alikuwa amesimama pale mchangani akitazama huku. Hakuwahi kufikiri ufukwe unafananaje ukitazamwa na mtu aliyetoka. Ulikuwa mdogo. Ulikuwa mzuri pia.

"Kushoto!" sauti ya Verlyn ilimfikia kwa vipande kila masikio yalipoibuka. "Kushoto, dada! Kushoto kwako, si kwangu! Hivyo hivyo! Usimame? Nani kakwambia usimame? Piga!"

Katikati ya njia wimbi dogo lilitokea nyuma ya kilima cha kushoto, likampita usoni. Maji yakaingia puani. Miguu ikaanza kuzama, na mkono wa kulia ukajinyoosha kumtafuta Delphine. Delphine alikuwa pale, angeweza kumshika. Lakini mdomo wa Ismay ulijua la kufanya kabla ya kichwa. Uchungu ukija usipigane nao, aliwahi kusema mara elfu mbili, uache upite, kisha pumua. Akaurudisha mkono. Akapuliza maji puani kama kwenye beseni. Akainua tumbo. Wimbi la pili lilipokuja lilimnyanyua, likamshusha upande wa pili, likaenda zake ufukweni.

"Pumua!" Verlyn alikuwa amelia hadi sauti imepasuka. "Pumua, Ismay, nakuona! Nakuona!"

Akapiga miguu. Mapaja yalimuwaka moto. Akahesabu mapigo, akapoteza hesabu, akaanza upya. Kisha kisogo chake kikagonga kitu kigumu, dong, kikalia kama ngoma.

Alidhani ni jiwe. Akanyoosha mkono juu ya kichwa, vidole vikakuta bati baridi lenye ute wa kijani. Lilikuwa pipa.

"Ngazi iko kulia," Delphine alisema kwa utulivu, lakini sauti yake nene ilikuwa imelegea. "Panda mwenyewe. Sikubebi."

Alipanda mwenyewe. Alikwama ngazi ya pili, akatukana kama anavyotukana mkata miwa, akapanda. Akasimama juu ya zile mbao zilizojaa kinyesi cha mwari, nguo ya zambarau imemganda, maji yakimchuruzika kwenye viwiko. Akainua mikono yote miwili.

Ufukweni kukalipuka. Mtu alikuwa akigonga sufuria kwa mwiko. Alikuwa Bi Lezama, yule mpole, akiruka kama msichana. Wanandoa vijana walikuwa wamekumbatiana. Bwana Lezama alikuwa amevua kofia, ameishika kifuani. Verlyn alikuwa ameketi chini mchangani, uso ameuzika mapajani.

Ismay alicheka. Kicheko kilitoka tumboni, kikamtikisa hadi ikabidi akae. Delphine akakaa kando yake, wakaning'iniza miguu.

"Sasa turudije?" Ismay aliuliza baadaye, pumzi ilipomrudia.

"Ulidhani utalala hapa?"

Walirudi pole pole. Safari hii Ismay alikuwa akikiona chelezo kikibaki nyuma, na hakuhitaji kupigiwa kelele, kwa sababu kila baada ya mapigo machache aliinua kichwa mwenyewe akatazama alikokwenda. Karibu na ufukwe mkono ukamshika begani. Akasimama, maji yalikuwa ya kifua. Mbele yake alikuwa Verlyn, gauni lote limelowa, taulo kalishika juu ya kichwa lisiguse maji, meno yakigongana.

"Umefikaje huku?" Ismay alimuuliza.

Verlyn alitazama chini, akayaona maji yamemfika kifuani. "Toba!" alisema. "Nani kanileta?" Lakini hakukimbia. Walitembea wote wawili kuelekea nchi kavu, wameshikana mikono, na taulo likabaki hewani hadi walipofika.

Baada ya chakula cha mchana Bwana Lezama alifungwa aproni na mkewe, mafundo mawili. Aliosha sahani, akaosha vikombe, akasugua sufuria la pilau lililoungua chini, na Bi Delphine akamrudishia kikaango mara mbili. Hakulalamika. Alipomaliza alikuja hadi kwenye kiti cha Ismay, mikono imekunjamana kwa maji, akasimama kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Nesi," alisema. "Lile beseni. La siku ya kwanza. Bado lipo?"

"Lipo."

"Mimi huishia magotini," alisema chini chini, akienda zake. "Usimwambie mke wangu."

Saa kumi alasiri jua lilikuwa limelegea na wageni wengi wamelala. Verlyn alikuwa akikoroma kibarazani, mdomo wazi. Ismay alivaa ile nguo ya zambarau, bado ina unyevu, akashuka ngazi peke yake. Bi Delphine alimwona kupitia dirisha la jikoni, akaacha kumenya ndizi, akatoka kusimama mlangoni, kisu mkononi. Ismay hakugeuka nyuma kuangalia kama kuna anayemtazama. Aliingia hadi magotini, hadi kiunoni, hadi kifuani, bila kusita popote, kisha akajilaza juu ya maji, akafungua mikono na kuanza safari.